Mukiri Atazaliwa Lini?

Kianjai,
12 Januari 2025

Mkaza mwanangu Wambeti,

Nakusalimu kutoka jikoni, maana ndipo penye mwanga mzuri asubuhi. Sisi tu wazima. Maharagwe tumevuna, si mengi, lakini hatutaenda kuomba kwa watu. Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha, na mmoja ni mkorofi kama mama yake. Kanisani tumeletewa mhubiri mpya anayeongea polepole mno, hata mimi kiziwi namsikia. Vijana wanalalamika. Mimi namwombea aishi miaka mingi.

Mwambie mwanangu Muthomi aache kunipigia simu. Sikio la kulia limestaafu na la kushoto liko njiani, nikiweka simu hapo nasikia nyuki tu. Na hizo jumbe, nikimpa mtu anisomee, kabla jua halijatua Kianjai nzima imeshazisoma. Niandikieni barua. Nilifundisha watoto wa watu kuandika barua kwa miaka mingi, itakuwa aibu wangu mwenyewe washindwe. Riungu anapeleka maharagwe soko la Embu kwa pikapu yake, atazibeba kwenda na kurudi.

Mume wangu mdogo hajambo? Tangu mlipompa Naftaly jina la marehemu mzee wangu, nikimwona sijui nimchape au nimwandalie chai. Muulize kama ameniletea mke mwenza huko shule ya nasari. Na mdogo wake Njue, ameacha kuuma watu? Jina la baba yako halikustahili meno hayo.

Sasa tuje kwenye jambo. Desturi yetu unaijua, na ya kwenu Embu ni hiyo hiyo. Mtoto wa kike wa kwanza ni jina la mama wa mume, na mwenye jina huhesabiwa amezaliwa upya. Mzee wangu amezaliwa. Baba yako amezaliwa. Mimi Mukiri bado. Kananu wa ng'ambo ya barabara amezaliwa mara tatu, na kila akipita hapa kwangu anatembea kama chifu. Njue sasa anakimbia, ameshaacha ziwa zamani. Nitazaliwa lini? Sikuharakishi. Kweli nakuharakisha, lakini kwa upendo.

Riungu anapiga honi. Wapakate wajukuu kwa niaba yangu.

Ni mimi mama yenu,
Regina Mukiri


Embu,
9 Machi 2025

Mpendwa Mama,

Natumaini barua hii itakupata ukiwa na afya. Nisamehe kwa kuchelewa. Januari na Februari ni miezi ya sare za shule, na wazazi wa Embu wakitaka sare wanataka ya jana. Maharagwe tulipata, asante sana. Muthomi anafanya kazi vizuri pale gereji. Naftaly anasema hana mke mwingine, ila kuna msichana darasani anayempa biskuti. Njue haumi tena, siku hizi anatema mate.

Mimi niko. Nimechoka kidogo tu. Kwaya nimeacha kwa sasa. Chakula hakinipandi sana, na asubuhi kuamka ni kazi. Juzi nilikaa kwenye cherehani na kitambaa mkononi mpaka Nadhira wa mlango wa pili akaja kuniuliza kama umeme umepotea. Haukuwa umepotea.

Kuhusu lile uliloniuliza, Mama, Mungu anajua.

Wasalimie wote.

Mkaza mwanao,
Wambeti


Kianjai,
30 Machi 2025

Mkaza mwanangu Wambeti,

Ati "Mungu anajua"! Hata mimi najua! Umefikiri unamficha nani? Umechoka, chakula hakipandi, asubuhi huamki, unakaa na kitambaa kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Wakati wa Muthomi mimi nililala juu ya meza ya walimu, wenzangu wakihesabu chaki. Nilisoma barua yako mara moja nikaiweka chini nikacheka peke yangu, mbuzi wakanishangaa.

Haya, usiseme kama hutaki kusema. Kwetu pia hatutangazi mapema. Ila nisamehe, mimi nimeshatangaza. Niliwaambia akina mama wa kanisa tu, na Kananu, kwa sababu Kananu alikuwa anapita na ile miguu yake ya kichifu. Wamefurahi sana! Wameshaanza kuweka wimbi wa uji, na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na mmoja ameahidi mkungu wa ndizi. Tutakuja kukulea kama inavyopaswa, mzazi halali njaa na mama mkwe yupo. Hutagusa sufuria. Hutagusa hata kijiko cha kukorogea. Nitakaa hapo mpaka mashavu yako yarudi.

Mvua imeanza vizuri. Nimepanda. Mhubiri wetu wa polepole ameoa, na harusi nayo ilikwenda polepole.

Kula hata kidogo. Ukitamani udongo usile udongo, niambie nitume ndizi.

Ni mimi nitakayezaliwa,
Mukiri


Embu,
4 Mei 2025

Mpendwa Mama,

Tumepokea salamu zako, na ndizi ambazo Riungu alisema zilikuwa nyingi zaidi kabla hajaanza safari. Watoto ni wazima. Muthomi ni mzima.

Mama, sina mimba.

Nimeandika sentensi hiyo na kuichana mara nyingi, leo nimeamua iende. Sina mimba na sikuwa nayo. Njue alipoanza kutembea, mimi na Muthomi tulikubaliana tupumzike, nikaenda kliniki nikawekwa kijiti cha kupanga uzazi mkononi. Nilikuwa na furaha siku hiyo. Nadhira ana kijiti kama changu na anacheka tangu asubuhi mpaka jioni, hata kelele za vicheko vyake zinapita ukutani. Nikajua na mimi nitakuwa hivyo.

Haikuwa hivyo. Miezi michache baadaye nikaanza kulia bila kufiwa. Nalia nikichemsha chai. Nalia nikipima mtu kiuno, mteja anafikiri ni yeye amenenepa. Nikikasirika nakasirika kama si mimi, nimewahi kumpigia Naftaly kelele kwa kiatu mpaka akajificha chini ya meza. Halafu ikaja hali nyingine mbaya zaidi, ya kutojali chochote. Kwaya niliiacha kwa sababu nikiimba nilikuwa nasikia sauti ya mtu mwingine. Na kuna siku niliwaangalia watoto wakicheza nje nikawaza, hawa wangekuwa afadhali bila mimi. Niliogopa sana, Mama. Nilimwambia Muthomi hapo hapo. Aliacha kazi siku hiyo akakaa na mimi, na tangu wakati huo haniachi peke yangu nikiwa katika hali hiyo.

Nilirudi kwenye ile kliniki nikaeleza. Aliyenihudumia hata hakuinua kichwa. Alisema hayo ni mawazo ya nyumbani, niende nikamheshimu mume wangu. Mama mwenye ploti tuliyopanga, yeye alisema nimefunga tumbo la Mungu na sasa Mungu ananionyesha. Nikabaki katikati.

Utauliza kwa nini nisikitoe tu. Hapo ndipo nashindwa kuandika, lakini naandika. Nikikitoa, nyote mtasema njia sasa iko wazi. Nitahesabiwa miezi. Na mimi, vile nilivyo sasa, siwezi kubeba mtoto mwingine. Nikijaribu nitaanguka, na huenda nisiinuke. Kwa hivyo nimekaa nacho na naendelea kuzama, kwa sababu kinanizamisha lakini pia ndicho kinachonikinga na swali lako.

Nakupenda, Mama. Hakuna mwanamke aliyeolewa Meru aliyepokewa vizuri kama ulivyonipokea mimi, Mwembu nisiyejua hata kusalimu kwenu. Ndiyo maana nimeshindwa kukuambia. Waambie akina mama wasije. Waambie vyovyote utakavyo, hata kama ni kunisema mimi.

Wambeti


Embu,
13 Julai 2025

Mpendwa Mama,

Habari za siku nyingi? Sijapata jibu. Riungu amekuja mara kadhaa na kila mara nimemuuliza na kila mara anaangalia viatu vyake. Muthomi anasema nikuache, Mama akikasirika anapoa mwenyewe kama sufuria. Nimekubali. Lakini kuna mambo nataka uyasikie kutoka kwangu, si kutoka barabarani.

Nimekwenda kituo kingine cha afya. Nilienda na Nadhira, ambaye alifunga duka lake la viungo bila mimi kumwomba, akaniambia nisipoeleza vizuri ataeleza yeye, na yeye ana mdomo. Sikumwachia nafasi. Nilipoulizwa shida ni nini nilisema: nimebadilika, na ninajua siku nilizokuwa mimi na siku nilizoacha kuwa mimi, na sitaki kuambiwa nikaheshimu mume. Nadhira alinibana mguu chini ya kiti kwa furaha.

Muuguzi wa hapo alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia kijiti ni sumu. Alisema wanawake wengi wanakaa nacho bila shida, na kuna wengine ambao moyo unabadilika, na hakuna anayeweza kuapa kama kwangu ni kijiti peke yake au kuna mengine pamoja nacho. Lakini alisema nikisema nimebadilika, yeye anaanzia hapo. Akaniuliza waziwazi kama nafikiria kujidhuru. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamjibu kweli. Hakushtuka, ila hakuniacha niondoke mpaka nilipoonana na mshauri wa mambo ya akili, mama mmoja wa makamo, na sasa naenda kwake kila wiki. Muthomi huja pia. Analia kuliko mimi.

Kijiti kimetolewa. Nimewekwa koili ya shaba, ambayo haina hayo madawa ya homoni, na inazuia mimba kama kawaida. Nasema hivi wazi, Mama, ili usihesabu miezi. Sikukungoja. Nilitaka kukungoja kwa heshima, lakini niliona nikikungoja nitakuwa nimeweka maisha yangu kwenye pikapu ya Riungu.

Kama umekasirika, nina haki ya kujua. Niandikie hata mstari mmoja.

Wambeti


Kianjai,
3 Agosti 2025

Mwanangu Wambeti,

Huku ni baridi, mbuzi wote wazima, mhubiri ana mafua. Hayo ndiyo ya nyumbani, nimeyamaliza.

Nilikasirika. Muthomi asinifunike. Barua yako ya Mei niliisoma nikaiweka ndani ya Biblia, kisha nikaitoa nikaiweka chini ya unga, sikutaka kukaa nayo chumba kimoja. Nilijiambia, msichana huyu amenifungia mlango na mwanangu ameshika ufunguo. Nilikaa hivyo miezi miwili na zaidi. Nilichukua kalamu mara kadhaa, na kila mara mkono ulitaka kuandika maneno mabaya, nikaurudisha kwenye jembe. Kalamu ikiandika ubaya haufutiki, hilo nilijua. Ndiyo maana hukuona jibu.

Sasa sikia kilichotokea. Tulikutana akina mama baada ya ibada, wakaniuliza twende Embu lini, wimbi unaingia wadudu. Nikawaambia hakuna mimba. Halafu Kananu akasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Kumbe Mwembu amekuziba." Wambeti, mimi nilikuwa bado na hasira na wewe asubuhi hiyo hiyo! Lakini nilisimama na mdomo ukatangulia. Nikasema, "Huyo Mwembu alikuwa anazama na bado alikuwa ananionea huruma mimi nisiyezama. Wewe Kananu umezaliwa mara tatu, na hakuna hata mmoja kati ya hao mama watatu uliyewahi kumuuliza kama analala." Niliposikia nilichosema, nikakaa chini. Moyo ukafuata mdomo taratibu.

Na unajua walifanya nini? Nilifikiri watanung'unika. Mmoja, yule aliyeahidi mkungu wa ndizi, akaanza kulia. Akasema yeye baada ya mtoto wa pili alikuwa anatembea mpaka mtoni kila siku na kurudi, na hakuna aliyejua kwa nini anakwenda mtoni. Mwingine akasema alichomwa sindano ya kupanga akawa mkali mpaka mume akarudi kwa mama yake, na alipobadilisha akatulia. Mwingine akasema sindano hiyo hiyo ilimpa amani ya kwanza tangu aolewe, tusiitukane. Tukabishana mpaka mhubiri akaja kufunga kanisa. Tumekaa kwenye kiti kimoja miaka yote hiyo tukijadili paa la kanisa! Kananu alipoondoka alitembea kama mtu wa kawaida.

Siku chache baadaye Riungu akaniletea barua yako ya Julai. Hiyo nimeisoma mpaka imechakaa mikunjo. Nimesahihisha insha za watoto kutoka Kianjai mpaka Kaaga, na sijawahi kuona mtu aliyesimama mbele ya watu wa koti jeupe akajieleza hivyo. "Najua siku nilizokuwa mimi na siku nilizoacha kuwa mimi." Ni nani alikufundisha kusema hivyo? Mimi sikuweza kusema hivyo katika maisha yangu yote, na nilikuwa mwalimu. Ulipoandika kwamba hukuningoja, nilipiga meza kwa mkono, chai ikamwagika. Vizuri! Ungeningoja ningekuwa nimekuua kwa adabu zako.

Kwa hivyo sikiliza. Sitauliza tena lile swali. Si mwaka huu, wala ukipona, wala ukinenepa tukaanza kutazamana. Mtu mwingine akikuuliza, mwambie aje Kianjai aniulize mimi, na aongee kwa nguvu.

Lakini jambo moja halijabadilika. Wimbi upo, njahi ipo, mkungu umekatwa, na kuni zimefungwa mizigo. Niliwaambia wenye vitu wachukue vyao. Walikataa. Wamesema vilitolewa kwa ajili ya kumlea mama, na mama yupo. Tunakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Najua mnatumia gesi, usinifundishe. Kuni zitakuja, utajua pa kuziweka. Nitakukorogea uji na kukuosha mgongo kwa maji moto, na hutagusa kijiko. Muthomi aoshe vyombo, mikono anayo.

Ni mimi mama yako,
Mukiri


Embu,
14 Septemba 2025

Mama yangu,

Natumaini mlifika salama na kwamba Riungu hakuimba njia nzima. Naftaly amekataa kuoga tangu uondoke, anasema mke wake hayupo wa kumpa taulo. Njue ameota jino jipya, jihadhari. Kuni zimejaa chini ya kitanda na juu ya kabati, na mama mwenye ploti ameuliza kama tunafungua hoteli.

Usifikiri nimepona kama taa inavyowashwa. Kuna siku nzito bado. Nikiona inakuja namwambia Muthomi, na mshauri naendelea kwenda. Koili nayo ina visa vyake, siku zangu za mwezi zimekuwa nyingi kuliko zamani, lakini muuguzi alikuwa ameniambia mapema na amesema nirudi zikizidi. Jumatano nilishona sketi tatu. Nilipokuwa nakata ya tatu nikajikuta naimba, nikaacha kidogo kusikiliza. Ilikuwa sauti yangu. Nadhira aligonga ukuta kwa ngumi akapiga kigelegele, yule mtu hana siri.

Kuna jambo sikukuambia mlipokuwa hapa, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa na mimi nilikuwa nimekatazwa hata kusimama. Ile Jumamosi, mliposhuka na mizigo mkiimba, ploti nzima ilitoka nje. Sijui kama unakumbuka. Wewe ulikuwa unahangaika na sufuria na uji ulikuwa karibu kufurika. Mama mwenye ploti alikuja mlangoni, ameshika mikono yake vizuri kama mtu anayetaka kupokea mtoto, akasema, "Hongereni jamani, sikujua! Mtoto yuko wapi tumwone?"

Kananu aliangalia chini. Mimi nilitaka ukuta unimeze. Wewe hukusikia mara ya kwanza, akarudia kwa nguvu. Ukafuta mkono kwenye leso, ukaja pale nilipokaa, ukaniweka mkono kichwani, ukamwambia:

"Ndiye huyu. Ongea polepole, amelala vibaya siku nyingi."

Halafu ukarudi kwenye uji wako.

Mtoto wako,
Wambeti